Kitoweo cha Baba Mkwe

Mlandege, Iringa
9 Machi 1975

Kaka yangu Bujiku,

Yule dereva wa lori la mpunga ameniletea salamu zako pamoja na samli ya mama yetu, mayu. Samli ilifika imeganda kwa baridi ya huku, ikabidi niichokoe kwa kisu kama udongo. Sisi ni wazima. Tumbo langu limekua mpaka mlango wa jikoni naupita kwa ubavu, na Didas akitoka gereji jioni ananicheka badala ya kunisaidia ndoo.

Umeniuliza tena yale maneno mnayotaniwa hapo kijijini, kwamba nimeolewa kwa wala mbwa. Waambie hivi: Didas hajaonja hata siku moja, wala dada yake Esta, wala majirani zangu wote hapa Mlandege. Watu wanakula ugali na maharage na nyama ya ng'ombe kama sisi, tena viazi vingi kuliko sisi.

Lakini baba mkwe! Hapo sasa, kaka, shika mbavu.

Unamkumbuka Mzee Silvester siku ya harusi, yule mrefu mwenye koti la kijivu, mtu wa kuongea neno moja kwa saa. Jumapili moja tulikwenda kwake, karibu na Tosamaganga. Baada ya misa nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta kuni. Nikamkuta na mzee mwenzake, Crispin, wamechuchumaa nyuma ya zizi bovu la mbuzi, moto unawaka, chungu kinachemka, wao wametulia kama watoto walioiba sukari. Nikapiga goti kuamkia. Mzee akaweka kiganja juu ya chungu, akaniambia, "Mwanangu, huku usije. Chungu hiki si cha nyumbani."

Nikarudi. Esta ndiye aliyenieleza. Mzee na Crispin walikuwa wawindaji ujanani, na tangu enzi hizo wana desturi yao hiyo, mara moja moja, msimu wa baridi ukikaribia. Wanasema ni dawa ya kifua. Chungu chake hakiingii jikoni kabisa, kinalala huko huko zizini, na tangu mimi niolewe ameamuru hata moto wake uwashwe mbali.

Basi tangu siku hiyo sina raha. Mbwa akibweka hapa mtaani namwambia moyoni, kimbia ndugu yangu, baba mkwe anakuja mjini. Akija kututembelea namtazama anavyojipangusa sharubu kwa kidole, hivi, polepole, naona kama anamkumbuka mtu fulani mwenye mkia. Juzi alimsifu mbwa wa jirani kwamba amenenepa. Nilikimbilia chumbani kucheka.

Msomee Nkuba hapa, najua atakufa. Ila mayu usimsomee.

Dada yako,
Kalista

*

Utengule, Usangu
30 Machi 1975

Mdogo wangu Kalista,

Barua yako nimeisoma mara nne na bado watu wanaidai. Nilianza na Nkuba peke yake, kama ulivyosema, lakini huyo mtoto wa baba mdogo hawezi kucheka kimya. Vijana wote waliokuwa wanakamua wakaja. Ilibidi nisimame juu ya mkokoteni nisome kwa sauti. Nilipofika kwenye sharubu Nkuba alidondosha kibuyu cha maziwa. Sasa ndiyo salamu ya hapa. Ukikutana na mtu anajipangusa mdomo kwa kidole na kukuuliza, "Mbwa wako hajambo? Amenenepa?"

Mayu naye alisikia, hatukumwona alikuwa nyuma ya ghala. Hakucheka. Alisema, "Mzee wa watu alifunika chungu ili binti yangu asione. Binti yangu amekwenda kukifunua mbele ya nchi nzima." Kisha akaenda zake. Unamjua mayu, usijali.

Ng'ombe wamepata majani. Wasangu hapa bado wanatutazama sisi wahamiaji kwa jicho la pembeni kwa sababu ya wingi wa mifugo, ila mpunga umekubali.

Mtuletee huyo mzee siku moja tumwone.

Kaka yako,
Bujiku Mihayo

*

Mlandege, Iringa
22 Juni 1975

Kaka Bujiku,

Nimejifungua salama, mtoto wa kike. Ana paji la uso la baba yetu marehemu na sauti ya mayu akiita ng'ombe. Mwambie mayu nimelia kwa furaha na kwa kuwa hakuwepo.

Sasa sikiliza jambo la maana. Didas amepata ruhusa, na mwanzoni mwa Julai atakuja huko pamoja na baba mkwe. Mimi siwezi, mtoto bado mchanga na madaktari wamenikataza safari. Ni mzee mwenyewe aliyetaka. Amesema mtoto huyu ataitwa Kashindye, jina la mayu, na kwamba jina la mtu haliombwi kwa barua. Mzee wa Kihehe, kaka, na wajukuu wake wote wana majina ya ukoo wake! Esta alinung'unika kidogo, akanyamazishwa.

Amenunua shati jipya. Koti la kijivu amelipiga pasi mwenyewe, hakutaka niliguse. Amefunga gunia la viazi na njegere za kumletea mayu, Esta anasema analikagua kila asubuhi kama limetoroka.

Nakuomba, kaka. Yale niliyoandika yalikuwa ya kuchekesha. Msimtanie sana. Utani kidogo sawa, Wahehe wanajua utani, ila yeye ni mtu mzima na ni mpole. Mtengenezeeni pahali pazuri pa kulala.

Kalista

*

Utengule, Usangu
15 Julai 1975

Kwa dada Kalista,

Wageni walifika salama na wameondoka salama. Tuliwachinjia ng'ombe. Mayu amekubali jina. Mzee hakula sana, nadhani ni uchovu wa basi na maji ya huku.

Didas alifurahi, tulimtembeza mtoni kuona mifugo.

Yule mbwa wetu mwekundu amekufa. Nadhani aliumwa na nyoka.

Sina mengi. Kazi ni nyingi.

Bujiku

*

Mlandege, Iringa
24 Agosti 1975

Kaka,

Barua yako ilikuwa fupi kama ya karani wa mahakama. Wewe unayeweza kujaza ukurasa kwa ndama mmoja aliyeharisha.

Nataka uniambie kilichotokea huko. Didas ananiambia kila kitu kilikuwa kizuri, na naona anasema anachokijua. Lakini baba mkwe amebadilika. Si kwamba ana hasira na mimi. Ingekuwa afadhali awe na hasira.

Zamani akija mjini alikuwa anaingia moja kwa moja, anakaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, nampa chai. Tangu atoke Usangu anasimama uani. Anaomba nimtolee mtoto nje, anambeba, anamwamkia kwa Kihehe, "Mama Kashindye, kamwene," mtoto anamshika sharubu. Nikimwambia "Karibu ndani, baba," anasema miguu ina vumbi.

Wiki iliyopita mvua ya ajabu ilinyesha, ikabidi aingie. Nikaweka chakula. Akafungua mfuko wake wa kitambaa, akatoa sahani ya bati na kikombe, vyake mwenyewe, kutoka kwake. Akanisogezea kwa mikono miwili kama mtu anayeomba. Nikamuuliza, "Baba, sahani zangu zina nini?" Akasema, "Hazina kitu, mwanangu. Ni safi. Ndiyo maana."

Alipomaliza alitoka na sahani yake akaiosha mwenyewe kwenye mvua. Didas alimtazama dirishani, akaniuliza, "Baba yangu amefanywa nini?" Nami nikasema sijui. Lakini moyo wangu, kaka, ulikuwa umeanza kujua.

Je, mlimwambia? Mlimwambia nilichoandika?

Nijibu haraka.
Kalista

*

Utengule, Usangu
14 Septemba 1975

Kwa binti yangu Kalista,

Anayeandika ni Mwalimu Anania wa shule ya hapa. Ninaandika maneno ya mama yako kama anavyoyatamka, na ameniagiza nisiongeze wala nisipunguze.

Mwanangu, barua yako Bujiku aliisoma peke yake, kisha akaiweka mfukoni akaniambia kwamba unasalimia tu. Nikamnyang'anya nikampelekea mwalimu. Sasa mtoto wangu hanisomei barua tena. Nimekaa hapa darasani kwenye dawati la watoto nikueleze mwenyewe.

Mkweo alifika Ijumaa na gunia la viazi. Alinisalimia vizuri. Jioni Bujiku na wenzake walikuwa wanaleta mpunga kwa mkokoteni, ukakwama kwenye mchanga wa korongo. Dume mmoja akalala chini. Unajua vijana wetu wanavyofanya. Bujiku alimpiga, hakuinuka. Akawasha nyasi akamwekea chini ya mkia. Ng'ombe alilia akainuka, akaanguka tena. Mkweo alikuwa ananyoosha miguu karibu na pale. Hakupiga kelele. Alisema, "Kijana, ng'ombe huyu hajakataa kazi. Mpunguzie magunia." Akapanda mwenyewe na shati lake jipya, akaanza kushusha. Ng'ombe alipopata nafasi akasimama. Wenzake Bujiku wakamcheka Bujiku. Alirudi nyumbani uso umevimba kwa aibu, nikasikia anamwambia Nkuba, "Mla mbwa anatufundisha huruma."

Ningesema neno wakati ule. Sikusema. Nilikuwa nasonga ugali.

Kesho yake Didas alipelekwa mtoni kuona mifugo. Nikawa jikoni. Nikasikia vicheko langoni mwa zizi, vicheko vingi. Nikatoka. Walikuwa wamemtundika mbwa wetu mwekundu, yule aliyekuwa akikufuata kisimani, kwa kamba kwenye ule mti wa miiba. Chini wameweka ungo na kisu. Mkweo wamemwita aje. Nkuba akajipangusa midomo kwa kidole, akamwambia, "Karibu kitoweo, mzee. Kalista ametuandikia kwamba ndicho unachokipenda."

Mbwa alikuwa hajafa. Miguu inakwenda.

Mkweo alitazama kisu, akawatazama wale vijana mmoja mmoja. Akakiokota. Walishangilia, wakidhani anakubali utani. Akaikata kamba akamdaka mbwa mikononi, akampapasa shingo. Akaona hatapona. Akatugeuzia mgongo ili watoto wadogo wasione, akammaliza kwa mara moja. Hakulia tena yule mnyama. Kisha akafuta kisu kwenye majani, akaniambia, "Mama, naomba jembe."

Alivua koti lake, akalikunja, akanipa nilishike. Akachimba. Ardhi ya Julai ni ngumu kama chungu, mwanangu. Mzee yule alichimba peke yake na vijana wangu wamesimama wakitazama vidole vya miguu yao. Hakuna aliyempokea jembe. Hata mimi sikuwaambia wampokee. Nilishika koti la mgeni wangu nikalia mbele za watu.

Alipomaliza kufukia alinijia na udongo mikononi. Akasema, "Usilie, mama. Mimi nilikuja kuomba jina." Akaliomba pale pale. Nikampa. Sikuona kama nilikuwa na jina la kumpa mtu siku ile, lakini alilipokea kama kitu kikubwa.

Aliniomba Didas asijue. Alisema, "Ana mke nyumbani aliyejifungua juzi." Ndipo nikaelewa kwamba amelisikia jina lako na anakukinga.

Halafu Bujiku alimchinjia yule dume wa mkokoteni kwa sababu alikuwa anachechemea. Mkweo aliona mkia ulioungua kwenye ngozi. Alikula ugali na maziwa tu, akashukuru.

Sikulaani. Wewe ni mtoto wangu. Lakini ujue.

Mama yako,
Kashindye

*

Mlandege, Iringa
5 Oktoba 1975

Bujiku,

Nimesoma kwa mwandiko wa mwalimu mambo ambayo nilipaswa kuyasoma kwa mwandiko wako. "Nadhani aliumwa na nyoka." Uliandika hivyo kwa mkono ule ule.

Sikuandikii ili nikulaumu peke yako. Ningependa iwe hivyo, ningelala. Lakini kila nikianza kukukasirikia nasikia maneno yangu mwenyewe. Kidole kwenye sharubu ni mimi. Mbwa amenenepa ni mimi. Tena nimekumbuka kwamba juu ya mbwa wa jirani nilidanganya. Mzee hakusema amenenepa, alisema ametunzwa vizuri. Nilibadilisha ili mcheke zaidi.

Jana nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda Tosamaganga bila kumuaga Didas. Nilimkuta mzee anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti chini, si goti la salamu. Nikamwambia, "Baba, ni mimi niliyeandika."

Akaendelea kupukuchua gunzi alilokuwa nalo mpaka likaisha. Akasema, "Nilijua. Jina lako lilitajwa."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba ni uongo? Chungu ninacho, mwanangu. Kipo pale, unaweza kwenda kukitazama."

Nikamwambia sikupaswa kukisema. Unajua yeye na maneno. Lakini hapo akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema, "Nilikuficha nikidhani nakuheshimu. Labda nilikosea. Ningekuita ukae, nikwambie sisi tulifanya hivi tulipokuwa wawindaji, na mbwa tunayemla hatumpigi wala hatumchezei, wala hatumli yule aliyetulinda. Ungeona kinyaa, sawa, ni haki yako. Lakini ungekuwa umeniona mimi. Wewe uliona chungu tu."

Nililia. Akasema tena, "Hata mimi kwenu niliona kinyaa. Nyama ile ya yule ng'ombe aliyechomwa ilinikataa kooni. Mama yenu aliipika vizuri na nikashindwa. Sikumwambia. Kwa hiyo usidhani ni wewe tu mwenye tumbo linalokataa."

Nikamuomba aje ale kwenye sahani zangu. Akasema, "Taratibu." Nikamuomba nimwambie Didas. Akakataa. Amesema Didas akijua itabidi achague upande, na mtoto huyu ana pande zote mbili.

Kwa hiyo naishi na Didas mdomo umefungwa. Ananiuliza, "Kalista, una nini?" nampakulia mboga. Anamwona baba yake anakuja na sahani yake kama mgonjwa wa kuambukiza, na anadhani labda ni uzee. Siwezi, kaka. Mzee amenifunga mimi, hajakufunga wewe.

Njoo. Usimtume Nkuba, usitume barua, usitume mbuzi. Njoo wewe.

Kalista

*

Utengule, Usangu
19 Oktoba 1975

Kalista,

Nakuja nikipata wa kumwachia ng'ombe.

Mayu amekuandikia alichokiona. Kuna ambacho hakukiona. Si Nkuba aliyefunga ile kamba. Nkuba alisita, akasema mbwa huyu ni wetu. Niliifunga mimi. Nilitaka ulijue kabla hujaniona uso.

Bujiku

*

Utengule, Usangu
23 Novemba 1975

Dada yangu Kalista,

Nimefika nyumbani juzi. Mayu amenipokea mzigo, jambo ambalo hajalifanya tangu Julai. Nakuandikia kwa sababu pale kwa mzee ulikuwa jikoni na Esta na hukuona yaliyokuwa sebuleni, na nilipoondoka nilishindwa kukuaga vizuri. Ulidhani nina haraka ya basi.

Kuhusu Didas unajua nusu. Nilimwambia gerejini kwake, tumesimama kando ya lori lililofunguliwa injini. Nilimwambia yote, mkokoteni, kamba, ungo, jembe. Barua yako pia, kwa sababu ningeificha ningekuwa nimedanganya tena. Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Alichukua tambara akafuta mikono, akafuta, akafuta, mafuta yameshaisha bado anafuta. Akaniuliza, "Mimi nilikuwa mtoni nawahesabia ng'ombe zenu nikizisifu, na baba yangu anachimba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungenifanyia mimi, shemeji. Mimi ningekujibu." Kisha akaingia chini ya lori, hakutoka mpaka jioni. Najua hakuongea nawe siku zile mbili. Najua pia kwamba ndiye aliyekuja kukufungia mtoto mgongoni tulipokuwa tunakwenda Tosamaganga. Sijui mtafika wapi. Naomba mfike.

Sasa kwa mzee.

Nilipoingia uani nilikuta kichwa cha mbuzi juu ya gunia, kando ya mlango kabisa, pale lazima mtu apite. Na ngozi imetandazwa karibu yake, manyoya juu, kwato zote nne zimepangwa. Nikajisemea, hawa watu hawana utaratibu, mgeni anakuja hata hawajasafisha. Nikaruka nikaingia.

Nilikuwa nimetunga maneno tangu nilipopanda basi Chimala. Nilipomwona yalitoweka. Nilipiga magoti, Kalista, mimi niliyesimama juu ya mkokoteni. Nikasema, "Mzee, kamba niliifunga mimi." Akasema, "Nilikuona mikono. Ilikuwa imechubuka." Alijua na hilo. Aliponiaga Julai alinishika mikono hiyo hiyo.

Sikuomba msamaha kwa maneno mazuri. Nilisema nimekosa, nikasema tena nimekosa, kama mtoto anayerudia darasa. Akaniambia niketi kwenye kiti. Akaniuliza habari za mayu, za mpunga, na kama yule dume mwingine wa mkokoteni amepata mwenzake. Nikamwambia bado. Nikamwambia kwamba sasa tunapakia nusu. Sikusema ili anisifu, na hakunisifu. Alitikisa kichwa tu.

Ndipo Esta akaleta nyama. Bakuli kubwa, mvuke unapanda, na ugali mweupe. Tukanawa. Mzee akasema karibu.

Mkono wangu haukwenda.

Sikupanga, naapa. Nilikuwa nimetoka Usangu nzima kuja kuomba radhi kwa mtu huyu. Nilikuwa tayari kulala chini anikanyage. Na bado mkono ulikaa juu ya goti, kwa sababu tumbo langu lilikuwa linauliza ni nyama gani. Nilimega ugali mtupu nikaula. Nikamega tena mtupu. Nilijua anaona. Didas naye aliona, akaacha kutafuna.

Mzee hakubadilika uso. Alinyoosha mkono akachagua kipande kilicho upande wangu, akakipasua katikati, akala nusu yake, taratibu, mpaka akameza. Nusu nyingine akaiweka mbele yangu. Akasema, kwa sauti ndogo ili jikoni msisikie, "Ni mbuzi, mwanangu. Nilikiacha kichwa mlangoni ili ukione ukiingia."

Kumbe haikuwa uchafu. Alichinja asubuhi akakaa na kile kichwa, akifukuza nzi, ili mimi nisiogope chakula chake. Alijua nitaogopa kabla mimi sijajua.

Nilikula. Nilikula mpaka bakuli likaisha. Sikuisikia ladha ya nyama ile hata kidogo, na ukiniuliza kama ilikuwa na chumvi siwezi kukujibu.

Ndiyo maana nilipotoka sikukutazama. Uliponiuliza, "Amekusamehe?" nikasema basi litaniacha.

Mzee alinisindikiza mwenyewe mpaka stendi mjini. Sikutaka, akalazimisha. Watu walikuwa wengi. Alimwita konda akamwambia kwa sauti kubwa, yeye asiyeongea, "Huyu ni mwanangu. Mteremshe Chimala, usimpitishe." Konda akauliza kama ni mtoto wake wa mwisho. Mzee akasema, "Ni wa Usangu."

Nilikaa dirishani na kofia usoni mpaka Makambako.

Mayu ameniuliza jana tulikula nini. Nikamwambia mbuzi. Akanitazama sana, akauliza, "Ulikula mara tu walipokukaribisha?"

Nimeshindwa kumdanganya. Nimemwambia hapana, mayu, ilibidi yeye aanze.

Akainuka akaingia ndani. 

Kaka yako,
Bujiku